Tulinunua mashine ya kukimbilia mara mbili

Mashine yetu ya kwanza ya kukimbilia ilikufa ikiwa na miezi kumi na minne. Haikufa nikiwa juu yake mimi, ninayekimbia kilomita 8 siku nne za wiki. Ilikufa chini ya mume wangu, aliyekuwa akitembea taratibu, kilomita 3 kwa saa, huku redio ikimsomea habari za jioni. Mkanda ulisita, ukaenda, ukasita tena. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua, skrini ikazimika, naye akabaki amesimama ameshika vishikio.

Ya pili tunayo mpaka leo, mwaka wa tatu huu. Nazieleza zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kilichoiua ya kwanza ndicho kilichonifanya niichague ya pili, na ni jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenidokezea. Majina ya mashine hizo nayaacha. Matoleo hubadilika kila mwaka, lakini mota, mkanda na ubao ulio chini ya mkanda ni vile vile.

Kwanza mtujue. Mimi nina kilo 58 na urefu wa sentimita 167. Mume wangu ana kilo 104 na sentimita 186. Daktari wake alimtaka atembee angalau dakika 150 kwa wiki, kiwango kile kile ambacho Shirika la Afya Duniani linawapendekezea watu wazima, na goti lake la kushoto halivumilii barabara ya mteremko. Mimi nilitaka kukimbia alfajiri bila kutoka gizani peke yangu. Mashine moja, watu wawili, miili miwili isiyofanana hata kidogo.

Dukani muuzaji alitutazama sote wawili akageukia kwangu. "Dada, wewe ndiye mkimbiaji, basi tutafute ya kukufaa wewe. Bwana anatembea tu, yeye mashine yoyote itambeba." Nilimwamini, kwa kuwa maneno yake yaliingia akilini: mbio ni kazi nzito, kutembea ni kazi nyepesi. Tukachukua mashine inayokunjwa, kilo 58 kama mimi mwenyewe, yenye kibandiko cha "nguvu farasi 5" na kingine kinachosema inabeba mtu wa hadi kilo 120. Tuliona mume wangu yuko ndani ya kikomo, na tena amebakiza kilo 16.

Kile kibandiko cha nguvu farasi 5 kilistahili dakika mbili za hesabu, nami sikuzitoa. Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo tano ni wati 3,730. Soketi ya volti 230 yenye kikomo cha ampea 13 haiwezi kutoa zaidi ya wati 2,990. Mota haiwezi kutoa nguvu kubwa kuliko umeme unaoingia. Namba ile ilikuwa ya kilele, yaani nguvu ambayo mota inaweza kuifikia kwa muda mfupi sana kabla ya kuchemka. Inayokuhusu wewe ni nguvu ya mfululizo, ile ambayo mota inaihimili saa nzima bila kulegea. Niliikuta ndani ya kitabu cha maelezo, ukurasa wa nyuma kabisa, kwa herufi ndogo: 1.75. Kama nguvu ya mfululizo haijaandikwa popote, na muuzaji haijui, mimi siku hizi naondoka.

Fundi aliyekuja ni mtu mzima wa maneno machache. Alifungua mfuniko wa mbele, akaitazama ile bodi ya umeme inayoiongoza mota, akanionyesha doa jeusi lenye ukubwa wa ukucha. Kisha akaingiza kiganja chini ya mkanda, kati ya mkanda na ubao, akakitoa na kukiangalia. Kilikuwa kikavu, kina vumbi jeusi.

"Mama, mmetia mafuta lini mara ya mwisho?"

Hatukuwa tumetia hata tone. Hatukujua kama hutiwa. Ubao ule ulihitaji mafuta ya silikoni kila baada ya miezi mitatu, na hayo tuliyasoma siku ile ile mbele yake. Kosa hilo ni letu na ninalikubali. Lakini fundi hakuishia hapo. Alipobadilisha bodi na kutia silikoni, alimwomba mume wangu apande, akaubana waya wa mota kwa mita yake ya kupimia mkondo. Kwa kilomita 3 kwa saa, kila mume wangu alipokanyaga, mita iliruka hadi ampea 14. Akaniomba mimi nikimbie kwa kilomita 10 kwa saa. Mita ikakaa karibu na 8, bila kuruka sana.

Nilidhani kifaa chake kina hitilafu. Akatueleza, na tangu siku hiyo sijaitazama mashine ya kukimbilia kwa jicho lile la zamani. Mguu unapotua, unaukandamiza mkanda kwenye ubao, na mkandamizo huo ni breki. Breki ya kilo 104 ni kali kuliko ya kilo 58. Anayetembea daima ana mguu mmoja chini, na kuna nukta ambayo yote miwili iko chini, kwa hiyo mkanda haupumziki. Mkimbiaji ana muda kati ya hatua na hatua ambapo yuko hewani kabisa, na hapo mkanda unakwenda huru. Juu ya hayo, mota inayozunguka taratibu haina kasi iliyojiwekea ya kuisaidia kuipita ile breki, na feni yake, ambayo katika mashine nyingi imefungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe, nayo inazunguka taratibu. Joto linazaliwa kwa wingi na upepo wa kulipoza ni kidogo. Ndivyo mtembeaji mzito anavyoiunguza mashine ambayo mkimbiaji mwepesi angeitumia miaka sita.

Bodi mpya ilidumu wiki tano.

Kile kibandiko cha kilo 120, kwa hiyo, hakikudanganya, ila kilijibu swali jingine. Kilisema fremu haitapinda. Hakikusema chochote kuhusu mota kumvuta mtu wa kilo 104 nusu saa kila jioni. Ndiyo maana nasema kwa uhakika: anayeamua ukubwa wa mota nyumbani ni aliye mzito na anayekwenda polepole kuliko wote, hata kama mkimbiaji ni mwingine.

Safari ya pili tulikwenda na viatu vyetu kwenye begi. Niliwaomba wauzaji wote jambo moja, nalo liliwashangaza: mume wangu apande kwanza, aiweke kilomita 2.5 kwa saa, atembee dakika kumi na tano huku mimi nimechuchumaa pembeni nikiutazama mkanda. Mkanda mzuri unapita chini ya kisigino kama maji ya mfereji. Mkanda wa mota dhaifu unasimama kidogo kila kisigino kinapotua, halafu unashtuka mbele. Sikio hulisikia jambo hilo kabla ya jicho: mlio wa mota unashuka na kupanda, unashuka na kupanda, sambamba na hatua. Mashine mbili mpya zenye skrini kubwa na za kupendeza zilishindwa mtihani huo mbele ya watu waliokuwa wakiziuza. Mmoja alituambia tuongeze kasi, itatulia. Ni kweli ilitulia. Lakini mume wangu haendi kasi hiyo, na hajatakiwa aende.

Tuliyoichukua haikuwa mpya. Ilitoka kwenye jimu iliyokuwa ikibadilisha mashine zake, nasi tuliipata kwa chini ya nusu ya bei ya mpya ya aina hiyo. Mota yake ni ya mkondo geu (AC), nguvu farasi 3 za mfululizo, aina inayowekwa kwenye mashine za jimu kwa kuwa inahimili kuwashwa mchana kutwa. Rola zake zina kipenyo cha milimita 76, zile za kwanza zilikuwa 42. Rola nene huukunja mkanda kwa upole na huzunguka mara chache zaidi kwa umbali ule ule, hivyo beringi zake hazichoki mapema. Ina kilo 150. Iliingia ndani ikiwa imefunguliwa nguzo za mbele, wanaume wanne wakiibeba ngazi kwa ngazi hadi ghorofa ya tatu, na kuna kona moja waliyopumzikia ambayo hata leo nikiipita nawakumbuka.

Ukinunua iliyotumika, usiipende kabla ya kuuona ubao. Nilimchukua yule yule fundi. Aliulegeza mkanda, akaukunja pembeni, akamulika tochi. Ubao ulikuwa na mistari miwili iliyolika kwa kung'aa, pale miguu ya mamia ya watu ilipotua. Mimi nilikata tamaa. Yeye akafurahi, kwa sababu ubao wa aina hiyo, wenye unene wa milimita 25, una pande mbili zinazofaa, na wa chini ulikuwa haujaguswa. Akaupindua, akaweka mkanda mpya, akasafisha vumbi la mota lililokuwa limelala kama pamba. Gharama hiyo iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Mashine iliyotumika yenye ubao na mkanda mpya ni mali. Iliyotumika yenye ubao uliolika inaanza kuila mota yake siku ya kwanza.

Kuhusu mahitaji yangu mimi mkimbiaji, nitasema kwa kifupi. Mkanda wa mashine ya kwanza ulikuwa sentimita 42 kwa 120. Kwa kutembea unatosha. Nikifika kilomita 11 kwa saa, mguu wa nyuma ulikuwa ukigusa ukingo, nami nikaanza kufupisha hatua bila kujua, hadi paja likaniuma. Wa sasa ni 51 kwa 152. Kwa mtu wa urefu wangu, sentimita 140 zingetosha, ila mume wangu anatamani siku moja akimbie, na miguu yake ni mirefu.

Pima dari, tafadhali. Watu hupima sakafu wakasahau juu. Ubao wetu uko sentimita 22 kutoka sakafuni. Mwinuko wa asilimia 15 kwenye mkanda wa sentimita 152 unanyanyua ncha ya mbele kwa karibu sentimita 23 zaidi, na pale anaposimama mume wangu ni kama 15. Jumlisha urefu wake: 186 na 22 na 15, unapata 223. Dari letu ni 240. Akitembea yuko salama, akikimbia kwenye mwinuko huo nywele zitalikaribia dari. Nyuma ya mashine tumeacha mita 2 wazi, na hili sikubali kulijadili na mtu. Mkanda unaotembea ukimwangusha mtu humtupa nyuma, na akikuta ukuta hapo anabanwa kati ya ukuta na mkanda ambao bado unakwenda.

Umeme vilevile. Mashine hii ina waya wake peke yake kutoka kwenye kikatio kikuu, wenye waya wa ardhini, hakuna friji wala pasi inayoshiriki nao. Mashine ya kwanza tuliichomeka kwenye waya wa kuongezea, ule wa tundu nne, na fundi alipouona alitikisa kichwa tu. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti, na bodi ya mota iliyo na njaa ya umeme huchemka.

Mwinuko ndio ulionibadilisha mimi zaidi ya nilivyotarajia. Kwa mbio, naweka asilimia 1. Mwaka 1996 watafiti Jones na Doust walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa wakimbiaji wa kasi za kutosha, mwinuko huo ndio unaofanya gharama ya nguvu ndani ifanane na ya nje, maana ndani hakuna upepo wa kuupasua. Kwa mume wangu mwinuko una maana nyingine. Alipopimwa moyo hospitalini, walimpandisha kwenye mashine kama hii kwa utaratibu wa Bruce, uliopewa jina la Robert Bruce, daktari wa moyo wa Marekani. Hatua ya kwanza ya utaratibu huo ni kilomita 2.7 kwa saa tu, lakini kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila dakika tatu kasi na mwinuko huongezwa. Alishuka ametota jasho bila kukimbia hata hatua moja. Tangu hapo hatafuti kasi. Anapanda mlima wake wa asilimia 4 kwa mwendo wa kilomita 3.5, mikono ikining'inia, kwa sababu anayeegemea vishikio anaiachia mikono uzito ambao miguu ilipaswa kuubeba. Mwendo wake wa polepole, si mwinuko, ndio unaodai mota yenye nguvu. Mashine ya kwanza haikuwa na mwinuko wa umeme. Ungechomeka pini kwa mkono, nasi hatukuichomeka hata mara moja.

Skrini: namba nne, taa nyekundu, basi. Vihisi vya mapigo ya moyo kwenye vishikio havitoi namba ya kutegemewa ukiwa unatikisika, hivyo ninavaa mkanda wa kifuani. Sijakosa kitu.

Ufunguo wa usalama, ile klipu yenye uzi unaofungwa kwenye nguo, ndio kifaa kidogo ninachokithamini kuliko vyote. Ukivutika, mkanda unasimama. Nikimaliza nauchomoa na kuuweka juu ya kabati, kwa kuwa mpwa wangu wa miaka minne hutujia mara kwa mara. Mnamo Mei 2021 kampuni ya Peloton iliziita zirudishwe mashine zake za kukimbilia za Tread+, kama 125,000 hivi nchini Marekani, baada ya mtoto mmoja kufariki na ripoti zaidi ya 70 za watu, wanyama na vitu kuvutwa chini ya nyuma ya mashine. Niliisoma habari hiyo mara mbili. Ukiwa na mtoto nyumbani, chuchumaa nyuma ya mashine unayotaka kununua uone kuna nafasi gani kati ya mkanda na sakafu, kisha uwazie mkono mdogo.

Matunzo yetu sasa ni ya kalenda. Silikoni halisi, isiyochanganywa na kitu, chini ya mkanda kila miezi mitatu. Mafuta ya bawaba na minyororo usiyaguse, yanaharibu mkanda. Mkanda ukihamia kushoto, naikaza boliti ya nyuma ya kushoto kwa robo mzunguko, nauacha uzunguke dakika moja, natazama. Robo tu. Mara ya kwanza nilizungusha duara zima na mkanda ukaenda kusugua upande wa pili.

Ina kasoro, na mwenye kununua aina hii azijue. Haikunjwi, chumba kile si cha kitu kingine tena. Feni yake inavuma hata mume wangu anapotembea, hivyo redio imepandishwa sauti. Mota ya mwinuko inalia ikipita asilimia 8, na spea yake fundi aliitafuta miezi miwili.

Na kuna jirani wa chini. Wiki ya tatu alipanda, akabisha hodi, akaniambia kwa upole kwamba kila saa kumi na moja alfajiri anahesabu hatua zangu kitandani. Nilidhani anamsema mume wangu kwa uzito wake. Hapana, ni mimi. Anayetembea huitwika sakafu kiasi kinachozidi uzito wake kidogo tu, lakini mkimbiaji hutua na mara mbili hadi tatu ya uzito wake, kwa hiyo kilo zangu 58 zinashuka kama kilo 116 hadi 174, tena mara 160 na zaidi kwa dakika. Tukaweka mikeka ya mpira ya milimita 20 na kuisogeza mashine kutoka katikati ya chumba hadi pembeni, penye boriti ya zege. Imepungua, haikwisha. Nimehamishia mbio zangu saa kumi na mbili na nusu, na saa kumi na moja anapanda mume wangu.